Ngoja Ngoja ya Kadi Mpya

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kila nikizitazama naziona zinagombana. Ya kwanza yasema kwamba subira huvuta heri. Ya pili yaonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi walimu twapenda kuifundisha ile ya kwanza, kwa kuwa humtuliza mwanafunzi mwenye papara. Mimi niliitumia mwezi wa Novemba mwaka wa 2024, na hadi leo najuta.

Kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alikuja kunijulia hali hapa Kisumu. Tulishuka hadi Dunga, tukaketi karibu na maji tukingoja samaki wetu akaangwe. Akanieleza azma yake: kutengeneza filamu fupi ya vibonzo kuhusu Luanda Magere, shujaa wa uwanda wa Kano. Msomaji wa kanda hii anakijua kisa. Mwili wa shujaa huyo ulikuwa wa jiwe, mikuki ya adui ikigonga na kuanguka, lakini nguvu zake zilikuwa kivulini. Mkewe aliyetoka upande wa maadui aliigundua siri hiyo na kuitoa, na mkuki uliochomwa kwenye kivuli ukammaliza. Msimulizi wa filamu angekuwa nyanya yake kijana, ambaye alikijua kisa kizima pamoja na nyimbo zake.

"Umefika wapi?" nikamwuliza.

"Bado sijaanza, Mwalimu. Nangoja kadi."

Kadi aliyoitaja ni kadi ya michoro, kile kifaa kinachoipa kompyuta uwezo wa kuchora picha kwa kasi. Kwa faida ya wasiokijua, tufanye hesabu kidogo. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Katika mchezo unaokwenda bila kukwama, nukta hizo zote hupakwa rangi upya mara 60 kila sekunde. Prosesa ya kawaida ni kama msomi mmoja hodari anayefanya hesabu ngumu moja baada ya nyingine. Kadi ya michoro ni kama maelfu ya wanafunzi uwanjani, kila mmoja na hesabu yake ndogo, wote wakitoa jibu kwa pamoja. Tangu mwaka wa 2018, kadi za madukani zimeweza hata kufuata njia ya mwali wa mwanga, ili kivuli kianguke panapostahili. Kijana wangu akasema, kwa haki kabisa, kwamba filamu yake yote ni kivuli.

Kisha akaanza kunisimulia ushindani wenyewe, na macho yake yakang'aa. Kuna Nvidia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1993, ambayo rangi yake ni kijani. Kuna AMD, iliyoingia ulingoni ilipoinunua ATI ya Kanada mwaka wa 2006. Wafuasi wake ni wa rangi nyekundu. Kuna na Intel, ya bluu, iliyoleta kadi zake za Arc mwaka wa 2022. Kila uvumi kuhusu kadi ijayo hujadiliwa kama kikosi cha Gor Mahia kabla ya kukutana na AFC Leopards. Katika mji huu ambao kijani ni rangi ya K'Ogalo, sikuhitaji kuuliza kijana wangu ameegemea upande gani.

Nilivutiwa, nami nikataka kuonekana mwenye busara. Nikamwambia, "Subira huvuta heri."

Tarehe 6 Januari 2025, mjini Las Vegas, Nvidia ikatangaza kadi iliyongojewa, RTX 5090. Bei yake ilikuwa dola 1,999. Kwa thamani ya shilingi wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi 250,000, kabla ya nauli na kabla ya ushuru wa VAT wa asilimia 16. Kadi hiyo peke yake huweza kula wati 575 za umeme, kiasi cha kuwasha zaidi ya balbu 60 za wati 9. Kijana akapiga hesabu, akanyamaza siku chache, halafu akanitumia ujumbe kwamba sasa anangoja bei ishuke, au AMD watoe yao.

AMD walitoa yao mwezi wa Machi, RX 9070 XT ya dola 599, lakini hawakuishindania ile ya juu kabisa. Mabishano yakaanza upya: tununue hii, au tungoje ile nyingine?

Mwezi wa Aprili nyanya yake akafariki. Hakuwa amerekodiwa hata sentensi moja.

Nilikwenda matangani. Kijana hakunilaumu, na jambo hilo lilinichoma zaidi. Mimi ni mwalimu wa fasihi simulizi. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba masimulizi ya wazee hukusanywa wangali hai, na kwamba vifaa vya kukusanyia ni sikio, daftari na kinasa sauti. Simu aliyokuwa nayo mfukoni pale Dunga ilitosha. Sauti ya ajuza haikuhitaji kadi yoyote ya michoro.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa ushindani huu kwa jicho la mwalimu, na mambo mawili yamenishangaza.

La kwanza ni kwamba vijana wetu wanapanga foleni mbele ya karamu ambayo mgeni wake mkuu ni mwingine. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Januari 2025, Nvidia iliuza bidhaa za dola bilioni 130.5. Zaidi ya bilioni 115 zilitoka kwenye vituo vya data, ambako akili bandia hufunzwa. Kadi za michezo zilileta kama bilioni 11 tu. Mshabiki wa kijani na mshabiki wa nyekundu wanarushiana maneno juu ya sehemu isiyofika hata moja kwa kumi ya mapato hayo.

La pili ni kwamba waliofanya makubwa kwa kadi hizi hawakuwa na ile ya mwisho kutoka kiwandani. Mwaka wa 2012, Alex Krizhevsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda shindano la kompyuta kutambua picha, ushindi uliofungua enzi hii ya akili bandia. Walitumia kadi mbili za GTX 580, aina iliyotoka mwaka wa 2010. Kadi mpya zaidi ilikuwa imetolewa Machi mwaka huohuo. Hawakuona sababu ya kuiacha kazi waingoje. Na mwezi wa Machi 2025, siku AMD walipokuwa wakingojewa, filamu ya vibonzo iitwayo Flow kutoka Latvia ilitwaa tuzo ya Oscar. Ilitengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa hata senti. Kijana wangu alikuwa nayo Blender kwenye kompyuta yake muda wote huo.

Sisemi kwamba ushindani huu hauna manufaa. La hasha! Wakubwa wanaposhindana, kadi ya juzi hushuka bei, na ndiyo inayotufaa sisi. Shule yenye kompyuta moja yenye kadi ya miaka mitano iliyopita, ikitumiwa kwa zamu, itafunza uchoraji na hesabu zaidi ya shule inayochangisha fedha kwa ajili ya kifaa kitakachotangazwa mwakani. Tena wapo ambao kazi yao haiwezekani bila kifaa kizito. Lakini mtu huyo aweza kukuonyesha kazi yenyewe, na mahali ilipokwama. Asiye na kazi iliyokwama hangoji kadi, anaahirisha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: mwanafunzi akikwambia anangoja kifaa fulani, usimpe methali upesi kama nilivyofanya. Mwulize ni sehemu gani ya kazi inayoweza kufanywa jioni ya leo, kisha mwulize ni sehemu gani haitangoja. Nanyi wanafunzi, shabikieni rangi mtakayo, ila wazee wenu warekodini wikendi hii.

Mwezi wa Agosti kijana alinionyesha dakika mbili za kwanza za filamu yake, alizozitengeneza kwenye kompyuta ileile ya zamani. Kivuli cha Magere kina kingo za kukwaruza, lakini kinaogofya. Msimulizi ni shangazi yake. Anakijua kisa vizuri, isipokuwa nyimbo mbili ambazo nyanya peke yake ndiye aliyezijua.

Katika filamu, mahali pa nyimbo hizo pameachwa kimya.