Msuli Unaocheza Hauhitaji Mlinzi

Jicho likicheza, wengi wetu Afrika Mashariki hatushtuki. Huyu atasema utamwona mtu uliyemkosa siku nyingi, yule atasema utalia, na kazi zinaendelea. Shavu la mguu likicheza vivyo hivyo saa nane za usiku, nyumba nzima imelala na mwenye mguu yu macho, mambo hubadilika. Anaushika mguu, anasubiri ucheze tena, anachukua simu kutafuta maana yake, na alfajiri inamkuta ameshasoma habari za maradhi yanayoua neva. Kilichotokea ndani ya nyama ni kilekile, jichoni na mguuni. Kilichoongezeka ni ulinzi. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu aliyekwisha kupimwa akaonekana hana ugonjwa wa neva, ulinzi huo ndio unaorefusha kucheza kwa misuli na kukosekana kwa usingizi. Ndiyo maana tiba yenye ushahidi humwagiza mambo mawili yanayopingana na silika: aache kujikagua, na apunguze saa za kukaa kitandani.

Tuanze na msuli wenyewe. Kila neva inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli hugawanyika na kushika kundi la nyuzi zake. Neva moja ikijifyatua bila kuamriwa na ubongo, kundi lake hujikunja mara moja, na ngozi ya juu yake huonekana ikifurukuta. Kiungo chenyewe kwa kawaida hakisogei. Jambo hili ni la kawaida mno: katika utafiti wa Reed na Kurland uliochapishwa Marekani mwaka 1963, takriban asilimia 70 ya watu wenye afya walisema limewahi kuwapata. Wasiwasi hulizidisha kwa njia zinazoeleweka. Adrenalini huzifanya neva na misuli kuwa nyepesi kusisimka. Mwenye hofu hupumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, akatoa kaboni dioksaidi nyingi. Damu huegemea upande wa alkali, kalsiamu iliyo huru ndani yake hupungua, na neva zilizopungukiwa na kalsiamu hiyo hujifyatua kwa urahisi. Ndipo vidole vinapoingia ganzi, midomo ikatekenya na misuli ikacheza. Ongeza mabega yaliyokazwa kutwa nzima, vikombe kadhaa vya kahawa tungu au chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na usiku mmoja wa kukesha: misuli itacheza bila ugonjwa wowote kuhusika.

Mpaka hapo hakuna la kudumu. Kinacholidumisha ni tafsiri. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza jinsi hofu kali inavyojijenga: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, hulichukulia kuwa balaa, hofu huja, hofu huleta mabadiliko mengine, nayo huhesabiwa kuwa ushahidi mpya wa balaa. Misuli hufuata njia hiyohiyo. Anayeisikiliza hugundua mitikisiko ambayo jana ingempita, na kwa kuigundua huamini imezidi. Elimu peke yake haimkingi mtu. Mwaka 2013 wataalamu wa neva wa Sydney waliandika kuhusu watu wa fani ya tiba, madaktari wakiwamo, walioingiwa na hofu ya ugonjwa mkubwa kwa sababu tu misuli yao ilikuwa inacheza. Usiku hukoleza yote haya, kwa kuwa hakuna redio wala mteja wala mtoto wa kuipokea akili. Usingizi nao hauji kwa kukazana: kadiri mtu anavyojilazimisha ndivyo mwili unavyobaki katika tahadhari. Kesho yake ubongo uliokesha huogopa upesi. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba kwa watu waliokoseshwa usingizi, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, iliitikia picha za kutisha na kuchukiza kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko kwa waliolala. Usiku unaofuata huanza na mtu aliyekwisha kujaa hofu.

Pingamizi la kwanza ni zito: je, kama kweli ni ugonjwa? Unaoogopwa zaidi ni ule wa neva za mwendo uliompata mwanafizikia Stephen Hawking. Upo, na misuli hucheza ndani yake, lakini ni adimu. Ulaya huwapata watu wapya wapatao 2 katika kila 100,000 kwa mwaka, na hujulikana zaidi kwa udhaifu. Kandambili inachomoka mguuni, kifungo cha shati hakifungiki, ufunguo haugeuki mkononi, ulimi unakuwa mzito, nyama ya kiganja inakonda. Daktari hutafuta hayo kwa vipimo visivyohitaji mashine: humwambia mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, amkaze vidole vya mkono, atoe ulimi; halafu humgonga goti kwa nyundo ndogo. Damu yaweza kupimwa kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na homoni za tezi ya shingoni. Atauliza pia juu ya dawa ya pumu ya salbutamol, vidonge vya kukojosha na miraa, maana vyote hivyo vyaweza kuwa na mkono. Majibu yakitoka salama, kuna sababu ya kuyaamini: mwaka 1993 Mayo Clinic ya Marekani ilitoa taarifa ya wagonjwa 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila ugonjwa wa neva, waliofuatiliwa kati ya miaka 2 na 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo. Kwa hiyo uchunguzi ni lazima, lakini ufanywe mara moja, kwa makini. Kurudia kipimo kilekile kila mwezi hakuongezi habari. Huleta nafuu ya siku mbili tatu, kisha humfundisha mtu kuwa hawezi kutulia bila kupimwa.

Wengine husikia maelezo haya wakakasirika: basi mnasema ni mawazo tu. La. Kalsiamu inayopungua katika damu si mawazo, wala neva inayojifyatua haijifanyi. Kodi ya nyumba inayodaiwa nayo ni ya kweli, na hakuna tiba ya usingizi itakayoilipa. Ninachosema hapa ni kidogo kuliko hayo ya "mawazo tu": kwamba mwili na akili hulishana, na kwamba mnyororo huo hukatika kwa urahisi zaidi mahali ambapo mtu ana uwezo napo. Hawezi kuiamuru neva isijifyatue. Anaweza kuamua ataingia kitandani saa ngapi, na mkono wake utafanya nini msuli ukicheza.

Kitandani ndipo pa kuanzia. Tiba ya fikra na tabia kwa waliokosa usingizi ilijengwa juu ya kazi za Richard Bootzin mwaka 1972 na Arthur Spielman mwaka 1987, na mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza ianze yenyewe kabla ya dawa. Mchukue mtu anayeingia kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, lakini anapata usingizi wa saa sita tu. Saa tatu zilizobaki ndizo za kuviziana na mguu. Tiba humwambia aingie kitandani saa sita usiku na aamke saa ileile ya siku zote, bila usingizi wa mchana. Asipolala kwa muda wa kama dakika 20, atoke kitandani. Mwenye chumba kimoja akae mkekani, taa hafifu, afanye jambo lisilosisimua, simu ikiwa mbali, mpaka macho yawe mazito. Akishalala sehemu kubwa ya muda huo, huongezewa dakika 15 baada ya wiki. Siku za kwanza ni ngumu, na hapa pingamizi lina haki: mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha, asijaribu peke yake, na dereva wa bodaboda au fundi wa mashine asifanye kazi akisinzia. Muda wenyewe usishuke chini ya saa tano. Wengine wengi wanaweza kuuvumilia ugumu huo, kwa sababu ni uchovu unaokusanyika siku hizo unaorudisha usingizi bila kubembelezwa.

Kujikagua nako kuna namna yake ya kukomeshwa. Kujiambia usifikirie hakusaidii. Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioagizwa wasimfikirie dubu mweupe walimfikiria mno baadaye. Agizo linalofaa ni la mkono: msuli ukicheza, usiuguse, usiutazame, usihesabu, usifungue simu, ujue umecheza, kisha rudi ulipokuwa. Pumzi zipunguzwe, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Madeni na mashaka yatengewe nusu saa jioni, yaandikwe kwenye daftari pamoja na hatua ya kesho, ili yasifunguliwe kitandani. Kahawa nayo ikomee mchana, kwa kuwa katika jaribio la Christopher Drake la mwaka 2013, miligramu 400 za kafeini zilizonywewa saa sita kabla ya kulala ziliondoa zaidi ya saa moja ya usingizi.

Mtu atauliza: taabu yote hii ya nini, na kidonge kipo? Diazepam hulegeza misuli na kuleta usingizi kweli, lakini ikitumika kwa wiki kadhaa mwili huizoea, na anayeiacha ghafla hupatwa na wasiwasi, kukosa usingizi na misuli kucheza, yaani yaleyale aliyokuwa akiyakimbia. Aliyeitumia muda mrefu asiiache mwenyewe. Daktari humpunguzia kidogo kidogo. Piriton, dawa ya mzio, humwachia mtu uzito wa kichwa asubuhi, na pombe humlaza mapema ikamwamsha usiku wa manane. Vidonge vya magnesiamu humfaa aliyepungukiwa nayo. Wasiopungukiwa hawana sababu nzuri ya kuvinunua. Zipo dawa za wasiwasi wa muda mrefu zisizoleta utumwa wa aina hiyo, na mtu ambaye hofu imemzuia kazi au imemfikisha kuwaza kujiua anapaswa kwenda hospitali leo, asingoje kujaribu daftari na mkeka.

Limebaki pingamizi la uhaba: wanasaikolojia ni wachache kwetu. Ni kweli, ila haimaanishi maarifa haya ni ya wenye fedha. Nchini Zimbabwe, mradi wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda uliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao mabibi, kuwasikiliza watu na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kanuni za kitandani ni chache na za wazi kuliko mafunzo hayo, na muuguzi wa zahanati anaweza kuzifundisha kwa mazungumzo machache. Mgonjwa naye aambiwe mapema kwamba misuli inaweza kuendelea kucheza kwa wiki au miezi, hata usingizi ukisharudi. Ukija udhaifu, arudi kwa daktari bila kuchelewa. Usipokuja, hana cha kungojea: ajipime kwa kazi anazomaliza mchana na usiku anaolala, kwa maana hata mwenye afya kamili misuli yake hucheza.