Pedali yako ya gitaa inakwaruza masikio? Usiitupe bado

Umefuata mchoro, umechomelea vipuri vyote, umechomeka gitaa, na pedali inatoa sauti. Ila sauti yenyewe sasa! Badala ya ule mngurumo mnene wa gitaa la roki unapata kitu kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo la bati. Hapo ndipo wengi huanza kubadilisha vipuri ovyo ovyo, wakimaliza hela dukani, mwisho pedali inalala kwenye droo. Kabla hujafika huko, tuangalie ukali huo unatoka wapi.

Tuchukue mchoro ambao wanaoanza huupenda sana kwa sababu vipuri vyake ni vichache: ule wa MXR Distortion+ na ndugu yake DOD 250, zote za miaka ya 1970. Ndani kuna IC moja ya kukuza ishara, ambayo hapo mwanzo ilikuwa 741. Baada yake kuna diodi mbili zinazoelekea ardhini, moja imetazama huku, nyingine kule. Gitaa linatoa ishara ndogo, sehemu tu ya volti moja. IC inaikuza, na ukifungua geini yote inafika zaidi ya mara 200. Diodi za silikoni huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.6 hivi, kwa hiyo sehemu ya wimbi inayopita hapo inakatwa. Kilima cha mviringo kinageuka kuwa kichuguu kilichosawazishwa juu kwa panga.

Na panga linaacha kona. Kwenye mawimbi, kona kali maana yake ni masafa ya juu. Ukipiga uzi wa tano, wa noti ya A, unatetemeka mara 110 kwa sekunde, yaani 110 Hz. Ukikatwa sawasawa juu na chini, zinaongezeka sauti za 330 Hz, 550 Hz, 770 Hz na kuendelea. Wimbi lililokatwa mpaka likawa mraba, sauti ya tatu ina theluthi ya nguvu ya ile ya msingi, ya tano ina moja ya tano, na hivyo hivyo. Zinapungua, lakini polepole sana. Ndiyo maana hata kwenye 5,000 Hz bado kuna kelele, na masikio yetu ni makali mno kwenye eneo hilo.

Sasa swali la kwanza, na halihitaji hata bisibisi: unasikilizia wapi? Spika ya amplifaya ya gitaa hushusha sana sauti zilizo juu ya 5,000 Hz hivi. Yenyewe ni kichujio. Ukichomeka pedali moja kwa moja kwenye miksa ya kanisani, kwenye sabufa ya sebuleni au kwenye hedifoni, tuwita inakutolea kila kona ya lile wimbi bila huruma. Jaribu kwanza kwenye amplifaya ya gitaa. Huna? Shusha trebo kwenye miksa. Ukali ukiondoka, pedali yako ni nzima, inahitaji kuchujwa tu.

Usipoondoka, chukua mita. Weka betri ya 9 V badala ya adapta, maana adapta za bei rahisi huingiza mlio wake na utahangaika bure kutafuta kosa kwenye ubao. Kwenye 741, mguu wa 7 usome karibu 9 V, wa 4 usome 0, na wa 6, ambao ndio wa kutolea, uwe karibu na nusu, 4.5 V. Mguu wa 6 ukikaa kwenye 2 V au 8 V, wimbi halina nafasi ya kupanda na kushuka sawa. Linagonga dari upande mmoja, na utasikia mkwaruzo unaokatika katika, hasa noti inapofifia. Kagua rezista zinazogawa volti kuwa nusu na viungo vyake.

Angalizo moja linalowasumbua wengi: usihukumu kwa kupima mguu wa 3. Mita ndogo za aina ya DT830 zina ukinzani wa ndani wa megaohmu 1 tu. Kama rezista inayopeleka nusu volti kwenye mguu huo nayo ni ya megaohmu 1, mita yenyewe inakula nusu ya kinachopimwa na utasoma 2.25 V mahali penye 4.5 V. Saketi haina kosa hapo. Kipimo ndicho kinachoivuruga.

Kisha tazama diodi. Zikiwa zimetazama upande mmoja zote, au kiungo cha mojawapo hakijashika, nusu ya wimbi inaachwa ikue mpaka ikagonge mwisho wa volti za IC. Dalili yake ni pedali kuwa na kelele kubwa kupita kawaida, tena isiyo na utamu. Na soma namba za kapasita vizuri: 102 ni 1 nF, 103 ni 10 nF, 104 ni 100 nF. Tofauti ya tarakimu moja, mara kumi.

Tuseme yote hayo yako sawa. Hapa ndipo pananoga.

Wengi siku hizi huweka TL071 mahali pa 741. Miguu inalingana, kelele ya chinichini inapungua, na kila mtu atakwambia ni IC bora. Ni bora kweli, na ndiyo shida yenyewe. Kasi ya 741 ina kikomo: ukizidisha ukuzaji kwa masafa, huwezi kuvuka kama milioni moja. Kwa ukuzaji wa mara 213, inaishia karibu 4,700 Hz, kwa hiyo ilikuwa inachuja trebo bila kuambiwa. TL071 inafika milioni tatu, ikiwa na maana ya 14,000 Hz hivi. Umeboresha IC, ukaharibu sauti. Dawa ni senti chache: kapasita ya 33 pF sambamba na ile rezista ya megaohmu 1 inayorudisha ishara kutoka mguu wa 6 kwenda wa 2. Hesabu ni 1 gawanya kwa 2πRC, inakupa kama 4,800 Hz. Umerudi ilipokuwa 741.

Pale kwenye diodi kuna kichujio kingine, rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya 1 nF. Kwa hesabu ile ile kinaanza kazi kwenye 16,000 Hz, juu mno kukusaidia. Huna haja ya kung'oa kitu. Chomelea 2.2 nF sambamba na ile iliyopo, zinajumlika kuwa 3.2 nF, na kichujio kinashuka mpaka karibu 5,000 Hz. Ni makadirio, maana diodi zinapopitisha umeme zinabadilisha hesabu, lakini sikio litaona tofauti papo hapo.

Vipi kama sauti ni nyembamba zaidi kuliko kali? Tazama kapasita ya 47 nF iliyofuatana na rezista ya kiloohmu 4.7 kwenye mguu wa 2. Geini ikiwa imefunguliwa yote, chochote kilicho chini ya 720 Hz kinakuzwa kidogo, na nyuzi zote sita zikipigwa wazi ziko chini ya 330 Hz! Weka 100 nF, mpaka unashuka hadi 340 Hz. Usiende mbali sana, besi ikizidi kabla ya kukatwa inakuwa matope. Au punguza tu geini: rezista inaongezeka, mpaka unashuka, besi inarudi yenyewe. Binafsi naona hii ndiyo tiba inayodharauliwa kuliko zote.

Diodi za jemaniamu hukata mapema, kama 0.3 V, na kona zake ni laini zaidi, ila sauti inashuka. LED nyekundu hukata karibu 1.8 V, kwa hiyo inakata kidogo na sauti inapanda. Chagua kwa sikio.

Bado kodi nzima zinasikika chafu? Hilo hakuna kapasita italitibu. Noti mbili zikikatwa pamoja huzaa jumla na tofauti zake. Za 110 na 165 Hz huzaa 55 na 275, zote zikigawanyika kwa 55, hivyo zinapatana. Za 110 na 138.6 Hz huzaa 28.6 na 248.6, ambazo hazipatani na chochote. Ndiyo sababu wapiga roki hushika noti mbili tu na kuacha ya katikati.