Taya linapopimwa likitembea

Richard Burton alipopita Ugogo mwaka 1857, alikutana na watu wasio na meno mawili ya mbele ya chini, akaliandika pengo hilo kuwa alama ya kabila. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki zenye desturi hiyo, wazee wana maelezo mengine: pepopunda likikaza taya, mgonjwa hunyweshwa maziwa kupitia pengoni. Siitetei desturi hiyo, kwani siku hizi kuna chanjo. Ila waliobuni dawa ile walijua taya likigoma kutembea, mtu anakufa njaa huku chakula kipo.

Siku hizi, kinachofunga mataya ya vijana wengi ni ajali za bodaboda. Taya lililovunjika mara nyingi hufungwa kwa waya, la juu na la chini pamoja, kwa wiki 4 hadi 6, na mgonjwa anaishi kwa uji na supu. Waya zikitolewa, daktari huweka rula katikati ya meno ya mbele. Mtu mzima kwa kawaida hufungua kinywa milimita 40 hadi 50, karibu upana wa vidole vyake vitatu.

Rula husema kinywa kimefunguka kiasi gani. Njia ambayo taya limepita haiioni. Na njia ndiyo yenye habari, maana taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Mwanzoni vichwa vya mfupa huo huzunguka palepale, kisha huteleza mbele. Upande mmoja ukikwama, kidevu hupinda kuelekea upande huohuo. Mgonjwa anaweza kufikisha milimita 40 na bado akatafuna kwa shida.

Mwaka 1952 Ulf Posselt, daktari wa meno wa Sweden, alichora mipaka ya mwendo huo, umbo ambalo wanafunzi wa meno hulisoma hadi leo. Teknolojia ya kidijitali imeongeza uwezo wa kumchora kila mgonjwa peke yake. Vihisio vyepesi hubandikwa kwenye meno ya chini, vingine huvaliwa kichwani, kamera inavifuata mgonjwa akifungua, akifunga na kutafuna. Kompyuta huunganisha mwendo huo na picha za skana ya meno, hata na za CT, na daktari anaona kwenye skrini meno yanapogusana. Kofia ya jino inayotengenezwa hivyo hurekebishwa kabla haijaingia kinywani. Kwa njia ya kawaida, mgonjwa huuma karatasi ya rangi, daktari akasaga palipozidi, wakarudia tena.

Je, Dodoma, jiji lililoko Ugogo kwenyewe, inunue kifaa cha aina hii? Kwa kliniki ya mtaani ningesema hapana. Wagonjwa wengi hufika jino likiwa la kung'olewa tu, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye kuziba meno mapema. Lakini jiji lina Hospitali ya Benjamin Mkapa, na jirani yake Chuo Kikuu cha Dodoma chenye shule ya tiba na meno. Hapo kifaa kimoja kingefuatilia mataya yaliyovunjika tangu siku waya zinapotolewa, na kufundishia pia.

Kifaa kisipokuwepo, simu ikiwekwa kwenye stendi mbele ya mgonjwa itarekodi kidevu kikipinda. Haitapima kuteleza kwa kiungo, lakini video ya leo na ya mwezi ujao zikilinganishwa, daktari ataona kama mazoezi ya kinywa yanasaidia. Mgonjwa apewe na karanga atafune, maana kufungua na kufunga kinywa kitupu hakuonyeshi namna taya linavyosaga.