Swali la Kijana Lisichekwe

Mwezi Mei 1848, akiwa safarini kuja Kilema, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima wetu na kuandika kwamba ni theluji. Msomi William Desborough Cooley, aliyekuwa London, alikataa katakata. Wazee wa Kilema waliuona weupe huo kila kulipokucha.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, ilikuwa zamu ya kijana wa Kitanzania kukataliwa kwa jambo aliloliona. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, na kwa kuogopa kukosa nafasi katika friji aliingiza maziwa yake yangali moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo, naye alitimiza ahadi. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa, wakati Mpemba akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa Moshi. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba sayansi ni mali ya wageni. Tuitazame basi mifongo yetu. Wazee waliyapitisha maji kando ya vilima bila chombo cha kupimia: mteremko ukizidi, maji hukokota udongo, ukipungua, maji husimama. Na mama anayeotesha ulezi kwa ajili ya mbege anafanya kemia, kwani punje inapochipua huzalisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Huko Lyamungo watafiti wamepata miche ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kazi hiyo inahitaji warithi, na hatuoni kwa nini wasitoke Kilema.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 36, unafundisha kwamba utafiti unaofanywa kwa njia ya kweli ya kisayansi na kwa kufuata maadili haupingani kamwe na imani. Aya hiyo hiyo inawasikitikia Wakristo wasioiheshimu ipasavyo haki ya sayansi. Maneno hayo yanatuhusu pia.

Kwa maana kikwazo kingine kimo nyumbani mwetu. Binti akirudi kutoka shuleni hutumwa kukata majani ya ng'ombe hadi giza, huku kaka yake akifungua daftari. Akisema anataka fizikia, huambiwa hesabu hizo zitamchelewesha kuolewa. Tumeyasikia hayo hata katika jumuiya zetu ndogondogo, tena kutoka kwa watu wanaosali vizuri.

Kila Desemba ndugu zetu hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kuja kula Noeli vihambani. Kati yao wamo wahandisi, wauguzi, mafundi wa maabara na wataalamu wa kompyuta. Tunawaomba viongozi wa jumuiya wawaandikishe mapema, ili baada ya Misa ya Noeli kila mmoja akae saa moja na vijana wa kigango chake, wavulana kwa wasichana, na ajibu maswali yao. Asilolijua, akubali kwamba halijui, kama Osborne, kisha walijaribu pamoja.