Body Heat: ile diski ya Quincy Jones watu hawaiongelei

Wengi wetu tulimjua Quincy Jones kupitia Michael Jackson. Thriller ya 1982 inapigwa mpaka leo kwenye ndoa. Lakini mukiniuliza mimi, yangu ni Body Heat, ya 1974.

Rafiki alinipatia kwa kadi ya simu wakati nilikuwa naandika memwari. Umeme ukikatika, nilikuwa nasikiliza tu. Kumbe wimbo wa kwanza nilikuwa naujua! 2Pac alichukua muziki wake akatengeneza How Do U Want It. Mimi nilidhani ni kitu ya 2Pac mwenyewe.

Sasa mutauliza: kama kuimba anaachia wengine, jina lake kwenye jalada ni la nini? Mufikirie kapita wa kazi ya kujenga. Hashiki kila tofali, lakini anajua nani aweke wapi. If I Ever Lose This Heaven aliwapatia Minnie Riperton, Leon Ware na Al Jarreau. Jarreau alikuwa bado hajatoa hata albamu yake ya kwanza! Kwa vinanda alimwita Herbie Hancock. Halafu akachukua Along Came Betty, jazi ya Benny Golson ambayo Art Blakey alirekodi 1958, akaiweka pamoja na soul ya kuchezesha watu, na haishtui sikio. (Boogie Joe, the Grinder mimi nairuka. Munisamehe.)

Ile inayonishika ni Everything Must Change. Benard Ighner ndiye aliitunga na ndiye anaiimba, polepole, bila kulazimisha machozi. Nina Simone na George Benson waliiimba nyuma yake, vizuri sana, lakini mimi narudia kwake. Miezi michache tu kisha diski kutoka, mwezi wa 8, mshipa ulipasuka kwenye ubongo wa Quincy. Alipasuliwa mara mbili. Alipona, lakini waganga wakamkataza kupuliza tarumbeta, chombo chake cha tangu utoto. Alikuwa na miaka 41. Off the Wall na Thriller zote zilikuja kisha pale.

Nilimaliza memwari, nikakaa muda mrefu bila kazi, na ule wimbo sikuufuta kwenye simu. Kama uko na mega kidogo tu, anza na ule.