Uzito wa Turubai na Namna ya Kuusoma

Turubai, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kitambaa kigumu cha pamba au kitani ambacho nyuzi zake zimefumwa kwa kupishana moja juu moja chini, zikabanwa kiasi kwamba mwanga hupenya kwa shida. Ndicho kitambaa cha mahema, matanga ya majahazi, mifuko ya vifaa vya mafundi, viatu vya raba, viti vya kukunja na picha za wachoraji. Anayekwenda dukani kukinunua huulizwa kwanza rangi na idadi ya mita, ilhali swali linaloamua kama kitambaa kitaifaa kazi yake au hakitaifaa ni la uzito: mita moja ya mraba ya kitambaa hicho ina gramu ngapi? Jibu la swali hilo hueleza ni kiasi gani cha uzi mnunuzi anapewa kwa fedha yake, na kwa kuwa pamba huuzwa kwa uzito tangu inapotoka shambani, ndilo pia linaloeleza sehemu kubwa ya bei. Hata hivyo ni jibu linaloweza kupotosha, ama kwa sababu kipimo kilichotumika hakikutajwa, ama kwa sababu uzito wenyewe umetokana na kitu kingine kisicho uzi.

Tatizo la kwanza ni la vipimo. Viwanda vingi vya Asia na Ulaya hupima kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na kwenye lebo ya jora kipimo hicho huandikwa kwa herufi GSM. Wamarekani hutumia aunsi kwa kila yadi ya mraba. Kwa kuwa aunsi moja ni gramu 28.35, na yadi ya mraba ni ndogo kuliko mita ya mraba, aunsi moja katika kipimo cha Kimarekani ni sawa na gramu 34 hivi katika kipimo cha mita. Kwa hiyo turubai la aunsi 8 lina gramu 271, la aunsi 10 lina gramu 339, la aunsi 12 lina gramu 407, na la aunsi 18 lina gramu 610. Hesabu hiyo ingetosha kama kila muuzaji angepima yadi ya mraba, lakini wengine hupima yadi ya urefu kwa upana wote wa jora, na mafundi wa matanga wa Marekani wana yadi yao ya jadi yenye upana wa inchi 28 na nusu. Matokeo yake ni kwamba maneno “aunsi 10” yanaweza kumaanisha vitambaa vitatu tofauti kabisa: kwa yadi ya fundi wa matanga ni gramu 428 kwa mita ya mraba, kwa yadi ya mraba ni gramu 339, na kwa yadi ya urefu ya jora lenye upana wa inchi 60 ni gramu 203 tu, yaani chini ya nusu ya kile cha kwanza. Mnunuzi anayetajiwa aunsi bila kuambiwa aunsi za eneo gani hajaambiwa kitu.

Juu ya hayo upo utaratibu wa namba ambao bado hutumika kwa maturubai mazito ya Kimarekani. Hupimwa kipande chenye urefu wa yadi moja na upana wa inchi 22, kisha aunsi zake hutolewa katika 19, na kinachobaki ndiyo namba ya kitambaa. Kipande cha aunsi 11 huwa namba 8, cha aunsi 9 huwa namba 10, na cha aunsi 7 huwa namba 12. Namba inapopanda, kitambaa hupungua uzito: namba 12 ina gramu 390 hivi kwa mita ya mraba, namba 8 ina gramu 610, na namba 1 inakaribia kilo nzima. Asiyelijua hilo huchagua namba kubwa akidhani ananunua kitambaa kigumu zaidi.

Baada ya kipimo kueleweka, inabaki kujua uzito huo umepangwaje. Nyuzi za kitambaa ni za aina mbili, mtande na mshindio: mtande ni zile zinazotangulia kutandikwa kwenye mtambo kufuata urefu wa jora, na mshindio ni zile zinazopitishwa katikati yake kutoka ukingo hadi ukingo. Gramu 400 zinaweza kupatikana kwa nyuzi nene, laini, zenye msokoto hafifu, zilizowekwa mbalimbali. Zinaweza pia kupatikana kwa nyuzi nyembamba zilizosokotwa mbili mbili na kubanwa kwa nguvu. Mizani haitofautishi vitambaa hivi viwili. Vidole na macho hutofautisha. Kitambaa kikishikwa kwa mikono miwili na vidole gumba vikakisukuma kuelekea pande tofauti, nyuzi za kile kilichofumwa kwa ulegevu huhama na kuacha mwanya, na kikiinuliwa kuelekea jua huonyesha vitundu vingi vidogo mithili ya chekecheke. Kile kilichobanwa hakihami, na ukucha ukipitishwa juu yake hukwaruza bila kuacha mfereji. Maturubai yenye namba huwa na nyuzi za kusokotwa mbili au zaidi pande zote, mtande na mshindio, na hiyo ndiyo sababu hudumu kuliko maturubai ya uzi mmoja mmoja yenye uzito uleule.

Ubanaji huo una maana kubwa zaidi pale kitambaa kinapotakiwa kuzuia mvua. Unyuzi wa pamba ukilowa huvimba unene, na katika kitambaa kilichobanwa uvimbe huo huziba vitundu vilivyobaki, hivi kwamba maji huteleza juu badala ya kupita. Hema la pamba la gramu 350 lililofumwa vizuri linaweza kwa hiyo kumkinga mtu vizuri kuliko la gramu 450 lililofumwa ovyo. Mahema ya familia yanayogawiwa na UNHCR katika kambi za wakimbizi hutumia kitambaa cha nje cha mchanganyiko wa pamba na poliesta chenye takriban gramu 350. Poliesta huongeza uimara na kuchelewesha kuoza, na pamba huleta uvimbe huo pamoja na uwezo wa kupitisha hewa, jambo lisilo dogo kwa familia inayolala ndani ya hema katika joto la Turkana au Kigoma.

Suala la uzito usiotokana na uzi lina historia ndefu katika pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na hasa baada ya Richard Waters kuanza kazi ya ukonseli Zanzibar mwaka 1837, meli za Salem katika jimbo la Massachusetts zilileta kwa wingi kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho pwani kiliitwa merikani. Kilivaliwa, kilitumika kama fedha katika njia za misafara ya bara, na kilishonwa matanga. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kukiiga, lakini wanunuzi wa pwani na bara walikuwa wakali wa kuchagua na kwa muda mrefu walishikilia kile cha Kimarekani kwa ugumu na udumivu wake, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba na biashara ikaangukia zaidi mikononi mwa viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay. Katika kipindi hichohicho wafumaji wengi wa Lancashire, walipokosa pamba ya kutosha, walizoea kuzipaka nyuzi kanji iliyochanganywa na kaolini, yaani udongo mweupe laini wa jamii ya ule unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam. Kanji kidogo ni ya lazima kwa sababu hulinda mtande usikatike mtamboni. Kanji nyingi yenye udongo hukipa kitambaa chembamba uzito na ugumu ambao hutoweka kinapofuliwa mara ya kwanza. Wazee wa biashara waliokuwa wakisugua pembe ya kitambaa kati ya viganja na kutazama vumbi jeupe lililodondoka walikuwa wakifanya uchunguzi wa kweli, na uchunguzi huo haujapitwa na wakati.

Leo mnunuzi anaweza kwenda mbele zaidi kwa kutumia mizani. Viwandani hukatwa kipande cha mviringo chenye sentimita za mraba 100, hupimwa kwa mizani nyeti, na gramu zake huzidishwa kwa 100. Dukani njia iliyo rahisi ni kupima manunuzi yenyewe: mita 5 za turubai lenye upana wa mita 1.5 ni mita za mraba 7.5, na kama kweli ni la gramu 400 lazima mizani isome kilo 3. Likisoma kilo 2.4, ni la gramu 320, hata lebo iseme nini. Tofauti ya asilimia mbili tatu haifai kugombewa, kwa sababu pamba hufyonza unyevu wa hewa, na kitambaa kilekile huwa kizito kidogo Mombasa wakati wa masika kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Maabara hukwepa utata huo kwa kupima katika joto la nyuzi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65.

Kuhusu uzito upi ufae kazi ipi, yapo mazoea yanayoaminika. Gramu 200 hadi 270 hutosha mifuko ya sokoni, aproni na bitana za viatu. Gramu 340 hadi 400 ndizo za kazi nyingi: mahema, mifuko ya mgongoni, viatu, makoti ya kazi. Kuanzia gramu 500 kwenda juu ni za vifuniko vya mizigo, mifuko ya vifaa vya chuma na vitanda vya kukunja. Tanga la jahazi ni kazi inayohitaji fikra zaidi, kwa sababu kitambaa kizito huhimili kusi kali lakini hulala mlingotini upepo unapopungua, na uzito wote wa tanga huning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa mshazari ambao mabaharia hulazimika kuupandisha kwa nguvu za mikono. Mita za mraba 60 za kitambaa cha gramu 400 ni kilo 24 za pamba kavu, na tanga likilowa mzigo huo huongezeka sana.

Wachoraji nao wana hoja yao. Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya mbao za dari kwa rangi ya mafuta. Waliomfuata walihamia kwenye kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu, ambacho mgeni anaweza kukikunja na kusafiri nacho. Kwa picha kubwa turubai la gramu 340 hadi 400 ni bora, kwa kuwa jepesi hulegea katikati ya fremu unyevu unapobadilika, na rangi ngumu iliyo juu yake huanza kupasuka.

Yote yaliyosemwa hugeuka mtu anaponunua turubai la plastiki, lile linalofunika malori. Humo uzito unaotajwa ni wa kitambaa pamoja na plastiki ya PVC iliyopakwa pande zote mbili, na sehemu kubwa ni plastiki. Mfano wa kawaida ni turubai la gramu 650 lenye nyuzi za poliesta za deneri 1,000, zikiwa 20 kwa kila inchi kwa urefu na kwa upana. Deneri ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo uzi wa aina hii wa urefu huo una kilo moja. Ukipigwa hesabu, mita ya mraba ya turubai hilo ina uzi wa gramu 175 tu, yaani robo na ziada kidogo. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama anaweza kupunguza nyuzi, akajazia plastiki iliyochanganywa na unga wa chokaa, na mizani isionyeshe badiliko lolote, ingawa turubai litachanika kwenye matundu ya kamba katika safari za mwanzo. Hapa anayeuliza gramu peke yake hajauliza vya kutosha. Inambidi aulize pia deneri na idadi ya nyuzi kwa inchi, na aangalie ukingo uliokatwa, ambako kitambaa cha ndani huonekana.

Hesabu ya mwisho ni ya fundi. Pindo linalokunjwa mara mbili lina tabaka tatu, na pembeni, pindo mbili zinapokutana, tabaka ni tisa. Kwa turubai la gramu 340 cherehani ya kawaida yenye sindano namba 16 au 18 huweza kuzipita ikiendeshwa taratibu, ila kwa la gramu 610 sindano hukatika na ngozi ya cherehani huteleza, hivyo kazi hiyo yafaa ipelekwe kwa wenye mashine za viwandani. Pia turubai la pamba ambalo halijafuliwa husinyaa, na husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kitambaa cha gramu 340 kikipungua asilimia 8 kwa urefu na 3 kwa upana, nyuzi zilezile hujikusanya katika eneo dogo, na kama hakikuwa na kanji nyingi kitapimwa gramu 380 hivi. Kikipimwa pungufu ya 340 baada ya kufuliwa, kilichopotea kwenye beseni ni kanji iliyouzwa kwa bei ya pamba. Ndiyo maana mafundi wa vifuniko na mifuko hukifua kwanza kwa maji ya moto, hukianika, hukipima upya, na ndipo hushika mkasi.