Rangi Zinapokwenda Kombo Ndani ya Vim (Sehemu ya Tatu)

Fundi anaingia kwenye seva ya mbali, anafungua faili la mipangilio, na maelezo aliyoachiwa na mwenzake hayaonekani. Hayakufutwa. Mistari yote inayoanza na alama ya reli imo, ila imeandikwa kwa bluu iliyokolea juu ya weusi, na jicho haliambulii kitu. Ni lalamiko la siku nyingi miongoni mwa watumiaji wa Vim, kihariri alichokitoa Bram Moolenaar mwaka 1991.

Lawama zote humwangukia Vim, naye mara nyingi anaonewa. Vim hapaki rangi, hutuma namba. Akitaka bluu ya kawaida hutuma 34, na terminali ndiyo inayoamua bluu hiyo iweje. Ndani ya xterm, kwa vipimo vya nyekundu, kijani na bluu, itatoka 0, 0, 238. Ndani ya PuTTY itakuwa 0, 0, 187, nzito zaidi. Aliyeipanga terminali yake kwa rangi za Solarized, kazi ya Ethan Schoonover, atapata 38, 139, 210, nayo husomeka bila kukodoa macho.

Kosa la Vim mwenyewe ni kubahatisha. Akidhani skrini ni nyeupe kumbe ni nyeusi, maelezo huyapa bluu ya giza badala ya samawati. Dawa yake ni `:set background=dark`.

Penye utata zaidi ni TERM, jina ambalo terminali hujitambulisha nalo. Jina `xterm` tupu humaanisha rangi 8. `xterm-256color` humaanisha rangi 256: 16 za msingi, 216 za mchanganyiko na 24 za kijivu. Amri `tput colors` hutaja idadi papo hapo. Wengi, wakishachoka, huandika `export TERM=xterm-256color` ndani ya `.bashrc` na kushukuru Mungu. Ni tabia mbaya. Ndani ya tmux, anayezungumza na Vim si xterm tena bali ni tmux, na jina lake ni `tmux-256color` au `screen-256color`. Katika matoleo ya zamani ya tmux, uongo huo uliacha rangi ya nyuma imekaa chini ya maneno tu, na sehemu tupu ya kila mstari ikabaki nyeusi.

Likikataa neno la aina moja tu, `:verbose highlight Comment` itataja faili lililoweka rangi hiyo mara ya mwisho. Aghalabu ni kiongezo ambacho mwenye kompyuta alishakisahau.

Na ikiwa nusu ya faili imegeuka rangi moja ghafla baada ya kuruka kurasa? Vim, ili asichelewe, huanza kuchambua mistari michache tu juu ya ile inayoonekana, na alama ya kunukuu iliyofunguliwa mbali zaidi humpita. `:syntax sync fromstart` humlazimisha kusoma tangu mwanzo, ingawa kwenye faili la mistari elfu kadhaa atakuwa mzito.